Kupambana na mikopo ya kausha damu: mwongozo kwa asasi ndogo, kuanzia jalada la kwanza hadi kamati ya Bunge

Asasi nyingi zinazoingia kwenye vita dhidi ya mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani na ya kwenye simu yenye riba ya kunyonya, huanzia mwisho. Wanaitwa waandishi wa habari, kina mama watatu wanalia mbele ya kamera, mkuu wa wilaya anatoa tamko, na wiki mbili baadaye mkopeshaji yuleyule ameshahamishia meza yake mtaa wa pili. Kelele zilikuwepo za kutosha. Majalada ndiyo hayakuwepo, kwa hiyo hapakuwa na kitu ambacho ofisa wa Benki Kuu, mpelelezi au mbunge angeweza kukishika mkononi na kukifanyia kazi.

Mwongozo huu ni wa asasi yenye watu watatu hadi sita, kompyuta moja na bajeti ya nauli. Umefuata sheria za Tanzania. Mengi yanaweza kutumika Kenya pia kwa kubadilisha jina la mamlaka.

Mjue unayepambana naye, kisha uchague mlango

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni wakopeshaji wasiopokea amana: kampuni za mikopo, wakopeshaji binafsi na wale wa kwenye simu. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Ukipeleka lalamiko la SACCOS Benki Kuu utazungushwa, kwa sababu usimamizi wa SACCOS umekasimiwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na ule wa vikundi kwa halmashauri. Kausha damu karibu wote wako daraja la pili, au wanajifanya wako huko.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mkopeshaji yeyote ni moja: ana leseni ya Benki Kuu ya Tanzania? Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya BoT. Tafuta kwa jina la kampuni lililoandikwa kwenye mkataba. Jina la kwenye bango au la programu ya simu mara nyingi ni jingine kabisa. Ukiuliza ofisini utaonyeshwa cheti cha BRELA cha usajili wa kampuni, namba ya mlipakodi (TIN) na leseni ya biashara ya halmashauri, vyote vimewekwa kwenye fremu ukutani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomruhusu mtu kukopesha. Piga picha ulichoonyeshwa na uandike tarehe.

Kwa programu za simu kuna hatua ya ziada. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, na miezi michache kabla ya hapo ilikuwa imetoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali wa daraja la pili. Programu iliyofungiwa hurudi kwa jina jipya na rangi mpya. Hifadhi ukurasa wake ilivyo leo, jina la mtengenezaji lililoandikwa chini, na namba ya simu inayotuma fedha na kupokea marejesho. Jina la programu hubadilika kirahisi kuliko namba ya kupokelea fedha.

Jibu la swali la leseni ndilo linalogawa kazi yote. Asiye na leseni anafanya kosa kwa kukopesha tu, kwa hiyo nenda moja kwa moja Benki Kuu na polisi. Mwenye leseni utamshika kwa namna alivyoukiuka utaratibu, na hapo hesabu inahitajika.

Hesabu ya riba, polepole

Hapa ndipo asasi nyingi hupoteza kesi nzuri. Wanaandika "riba kubwa sana" au "riba ya asilimia 30" na kuishia hapo. Ukomo wa riba kwa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukitaka lalamiko lisimame, onyesha umbali kati ya namba hiyo na kilichotokea, na uonyeshe njia uliyopitia.

Chukua mkopo wa kawaida wa mtaani. Mama ameandikiwa 300,000. Kabla hajapewa, inakatwa 15,000 ya fomu na 30,000 ya "akiba ya lazima". Anaondoka na 255,000 mkononi. Anarejesha 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000.

Afisa mikopo atakwambia riba ni asilimia 30: kiasi cha 90,000 juu ya 300,000. Hata hiyo tayari iko mbali na sheria. Ukikokotoa kwa njia inayompendelea mkopeshaji kuliko zote, yaani asilimia 3.5 juu ya 300,000 nzima kwa mwezi mzima, jumla inakuwa 310,500, sawa na 10,350 kwa siku. Mama analipa 13,000.

Lakini 300,000 hakuipata, alipata 255,000. Na hata hiyo 255,000 hakukaa nayo mwezi mzima, kwa sababu kuanzia kesho yake alianza kuirudisha. Ili kupata riba halisi, fungua jedwali la kompyuta (kama Excel) na uandike idadi ya marejesho, kiasi cha kila rejesho na kiasi kilichopokelewa:

=RATE(30,-13000,255000)

Jibu linakaribia 0.03, yaani asilimia 3 kwa siku. Sheria inasema 3.5 kwa mwezi; huyu anatoza karibu hiyohiyo kila jua likichomoza. Sentensi hiyo moja, ikiambatana na hesabu yake, ina uzito kuliko kurasa kumi za masikitiko.

Mambo matatu huharibu hesabu hii. La kwanza ni akiba. Ikiwa mkopaji alirudishiwa ile 30,000 mwishoni, lazima uihesabu, la sivyo mwanasheria wa upande wa pili ataivuruga hesabu yako yote kwa swali moja. Andika =RATE(30,-13000,255000,30000) na utapata takriban asilimia 2.6 kwa siku. Bado inatisha, na ni ya kweli. La pili ni Jumapili: wengine hawakusanyi Jumapili, kwa hiyo marejesho 30 yanachukua siku 35 hivi. Hesabu siku kwa kufuata risiti, usitegemee kumbukumbu. La tatu ni faini za kuchelewa. Ziweke kwenye safu yake peke yake, usizichanganye na riba, maana ofisa atataka kuona kipi kilikuwa kwenye mkataba na kipi kilizuliwa njiani.

Jalada la mkopaji mmoja

Jalada linalotosha lina vitu hivi: mkataba au fomu ya mkopo, ushahidi wa kiasi kilichopokelewa, ushahidi wa kila rejesho, mawasiliano ya vitisho kama yapo, maelezo ya mkopaji yaliyosainiwa, karatasi ya hesabu, na ridhaa yake. Kurasa nane hadi kumi na tano. Likizidi hapo hakuna atakayelisoma.

Mkataba ndio mgumu kupatikana, kwa kuwa wakopeshaji wengi hawatoi nakala. Mwelekeze mkopaji aombe nakala kwa maandishi, hata kwa SMS: "Naomba nakala ya mkataba wangu wa mkopo wa tarehe fulani." Akinyimwa au akipuuzwa, ujumbe huo wenyewe ni ushahidi. Kuna na wale waliosaini karatasi tupu. Waandike kwenye maelezo kwamba walisaini kabla ya kiasi kujazwa, waseme nani alikuwepo, na kalamu ilikuwa ya nani. Undani mdogo wa namna hiyo ndio unaotofautisha maelezo ya mtu aliyekuwepo na yale ya kuambiwa.

Kwa marejesho yaliyopita kwenye simu, omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu badala ya kutegemea SMS, ambazo hufutika. Kwa yaliyolipwa taslimu, kile kitabu kidogo cha marejesho anachosaini afisa mikopo kila asubuhi ni dhahabu. Kipigwe picha ukurasa kwa ukurasa siku hiyohiyo, jalada la nje likiwemo. Vitabu hivi vina tabia ya kuchukuliwa "kwa uhakiki" na visirudi.

Ujumbe wa vitisho usiukate. Picha ya skrini ionyeshe namba ya aliyetuma, tarehe na saa, na ujumbe uliotangulia. Jina lililohifadhiwa kwenye simu halitoshi. Gusa jina hilo ili namba yenyewe ionekane, kisha piga picha nyingine. Ujumbe wenyewe ubaki kwenye simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama huangalia ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Ujumbe uliosambazwa mara tano kwenye makundi ya WhatsApp umepoteza nguvu.

Maelezo ya mkopaji yaandikwe kwa Kiswahili chake, kwa nafsi ya kwanza, tarehe kwa tarehe. Usimpambie. Akisema "aliniambia nitaona", andika hivyo hivyo. Usigeuze kuwa "alinitishia maisha".

Aina tatu zinazojirudia

Kadi za benki. Walimu, wauguzi na askari huacha kadi ya ATM na namba ya siri kwa mkopeshaji, ambaye hujihudumia mshahara ukiingia. Watu wengi hawaoni uhusiano wa jambo hili na utaratibu wa utumishi wa umma, unaotaka angalau theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato. Mkopeshaji wa kadi anazunguka ukuta huo: makato hayapiti kwa mwajiri, kwa hiyo hakuna wa kuuliza kama theluthi imebaki. Kwa mkopaji wa aina hii, hatua ya kwanza ni benki, akabadilishe namba ya siri na kuomba kadi mpya. Asiende kabla hajapata taarifa ya akaunti ya miezi sita inayoonyesha fedha zilitolewa mashine ipi na saa ngapi. Mwalimu wa Nzega ambaye mshahara wake unatolewa saa sita na dakika mbili usiku kwenye mashine ya Tabora mjini hahitaji maelezo marefu.

Mali na nyumba. Kubeba televisheni, majiko na magodoro bila amri ya mahakama wala utaratibu wa dhamana ni jambo la polisi. Ripoti siku hiyohiyo na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Bila namba hiyo, hukuripoti. Ikiwa nyumba ya familia imewekwa rehani, uliza mapema kama mwenzi aliridhia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia mwenzi mmoja kuiweka nyumba ya ndoa dhamana bila ridhaa ya mwingine. Saini ya mke inayofanana mno na ya mume ichunguzwe.

Kudhalilishwa kwa simu. Programu inasoma orodha yote ya majina kwenye simu, kisha inamtumia shemeji, bosi na mchungaji picha yenye neno "TAPELI". Hapa usipigane kwa sheria ya mikopo, pigana kwa sheria ya taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililokusanyiwa tu, na Tume yake inapokea malalamiko. Uzuri wa njia hii ni kwamba mlalamikaji si lazima awe mkopaji. Yule shemeji aliyetumiwa ujumbe ana haki yake mwenyewe, hadaiwi na mtu, na hana cha kuogopa. Kenya ndiyo iliyoonyesha njia: mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu wa pembeni kutuma vitisho. Kwa vitisho vyenyewe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inahusu unyanyasaji wa mtandaoni, na mlango wake ni polisi.

Majalada mangapi, na yatunzwe vipi

Jalada moja ni lalamiko la mtu. Majalada kumi na mbili dhidi ya mkopeshaji mmoja, yote yakionyesha kosa lilelile, ni mwenendo. Zuia tamaa ya kukusanya kila aina ya dhuluma ya kila mkopeshaji wa wilaya nzima. Chagua mmoja na kosa moja linalothibitika kirahisi (kukosa leseni, riba juu ya ukomo, au kadi za benki), ufike kumi hadi kumi na tano, usimame hapo na uwasilishe. Asasi inayosubiri majalada mia moja haiwasilishi kamwe.

Kuna kinaya kidogo: asasi inayolalamikia matumizi mabaya ya taarifa nayo ni mkusanyaji wa taarifa mbele ya sheria ileile, na inapaswa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Chukua ridhaa ya maandishi yenye viwango vitatu, mkopaji aweke alama kimoja kimoja: kutunza jalada, kulipeleka kwenye mamlaka, kutumia simulizi yake hadharani. Wengi watakubali viwili vya kwanza na kukataa cha tatu. Ni haki yao, na usiwabembeleze. Majalada yape namba badala ya majina, na daftari linalounganisha namba na jina likae kwenye kabati lingine lenye kufuli.

Kuna jambo la kumwambia kila mkopaji siku ya kwanza, kabla hajakaa vizuri: deni halifutiki kwa sababu mkopeshaji amekosea. Anaweza kupunguziwa riba, kurudishiwa kadi, kulipwa fidia. Mtaji aliopokea bado kuna uwezekano mkubwa ataudaiwa. Asasi inayotangaza "msilipe" huvutia umati wiki ya kwanza, na mwezi wa tatu wadhamini ndio wanaobebewa mabati.

Barua, kisha malalamiko

Kwa mkopeshaji mwenye leseni, anza na barua kwake. Benki Kuu itauliza kama ulimlalamikia yeye kwanza. Ukurasa mmoja: nani, mkopo upi, kiasi kilichopokelewa, kilicholipwa, ukiukaji ni upi, unataka nini, na siku ya mwisho ya kujibu. Siku 14 zinatosha. Isainiwe na mkopaji mwenyewe, asasi iwe na nakala. Ipelekwe kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, andika jina la aliyekataa na saa, mwende wawili ili kuwe na shahidi.

Usitishie kwenda kwenye televisheni ndani ya barua hiyo. "Tulipeni la sivyo tutawaanika" inaweza kugeuzwa kuwa kosa lako.

Baada ya hapo, Benki Kuu. Ina makao makuu Dodoma, makao makuu madogo Dar es Salaam na Zanzibar, na matawi Arusha, Mbeya, Mwanza na Mtwara. Juu ya majalada weka barua ya jumla yenye jedwali moja: namba ya jalada, tarehe ya mkopo, kilichoandikwa, kilichopokelewa, kilicholipwa, siku, riba halisi. Ofisa akiliona jedwali hilo ameelewa kwa dakika mbili. Matangazo ya uongo ("mkopo bila riba", kumbe ada ni theluthi) yanaweza kwenda pia Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Usipeleke kitu kilekile kila ofisi kwa siku moja, kwa sababu kila moja itadhani mwenzake analishughulikia.

Fuatilia kila baada ya wiki mbili, kwa barua fupi yenye kumbukumbu namba. Simu haziachi alama.

Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kuandaa yote haya, bure, lakini hawawezi kusimama mahakamani. Tafuta wakili mapema, kabla ya siku ya hati ya wito.

Kwenda hadharani

Sasa waite waandishi, na uwape mwenendo badala ya kilio. Sema "katika majalada 13 tuliyoyahakiki, 11 yana riba juu ya ukomo". Usiseme "utafiti unaonyesha", na usigeuze majalada 13 kuwa asilimia ya wananchi wa mkoa. Jina la mkopeshaji litajwe pale tu ambapo kila neno lina karatasi nyuma yake, na awe amepewa nafasi ya kujibu. Neno "mwizi" liachie mahakama.

Wakopeshaji wenye leseni wanaofuata utaratibu wanaumizwa na soko hili pia, na chama chao, TAMFI (chama cha taasisi za huduma ndogo za fedha Tanzania), ni watu wa kuzungumza nao kabla ya mkutano na waandishi. Hamtakubaliana juu ya yote. Juu ya wasio na leseni mtakubaliana upesi.

Na mtu atauliza: sasa tukope wapi? Uwe na jibu la eneo lenu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, chukua fomu, na ujue kikwazo kiko wapi. Mara nyingi ni katiba ya kikundi na akaunti ya benki, vitu ambavyo asasi inaweza kusaidia kwa siku mbili.

Sheria yenyewe

Ukifika kwenye kamati ya Bunge au kwenye kikao cha wadau, usipeleke historia. Kurasa tatu. Taja kifungu, andika maneno yaliyopo, kisha maneno unayopendekeza, kisha sababu kwa sentensi mbili na jedwali lako. Mfano wa pendekezo linaloweza kuandikwa hivyo: mkataba uonyeshe kwa tarakimu kiasi kitakachofika mkononi baada ya makato yote, au mkopeshaji kushika kadi ya benki ya mkopaji kuwe kosa linalotajwa kwa jina lake. Mbunge anaweza kulibeba hilo na kulisoma lilivyo. Mkutano wa bajeti huanza Aprili, na kamati hukaa kabla yake, kwa hiyo karatasi iwe mezani kwa katibu wa kamati mwezi Februari, nakala ngumu na nakala laini, jina la mtu mmoja wa kupigiwa likiwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.